Ufa Usiozibika



Sisi watu wa Songwe twakaa juu ya nchi iliyopasuka. Sisemi hivi ili kuwatisha akina mama na watoto; ni jambo linaloonekana katika ramani. Tunayo mito miwili inayoitwa Songwe. Mmoja hupita mpakani kati yetu na Malawi, ukamwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Wa pili hushika njia ya kaskazini-magharibi mpaka Ziwa Rukwa. Jina moja, njia mbili. Lakini kila mmoja huishia katika tawi la lile Bonde kuu la Ufa. Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2016, tulipotengwa na Mbeya. Bonde lenyewe lilianza mamilioni ya miaka kabla ya mtu wa kwanza kupanda ulezi hapa.

Nchi hii yaachana polepole. Wataalamu wanaoipima wasema ni milimita chache tu kwa mwaka. Tazama ukucha wa kidole chako: urefu unaoota kwa mwezi mmoja wakaribia mwendo wa nchi kwa mwaka mzima.

Basi labda utaniuliza: "Karani, kama ni milimita chache, mbona nyumba za watu huanguka? Tena, nani aliingia chini ya ardhi akaona yanayotendeka huko?" Maswali hayo nimeulizwa mara nyingi katika ofisi ya parokia, na watu waliokuja kwa shughuli nyingine kabisa. Leo nataka kuyajibu kwa utaratibu, maana majibu yake yahusu ukuta unaolala karibu nao usiku.

WIKI MBILI ZA DESEMBA

Mwaka 2009 nilikuwa kijana wa miaka 19, nikikaa kwa mama yangu huko Ileje. Jumapili tarehe 6 Desemba, usiku ukiwa bado mchanga, vyombo vilianza kugongana kabatini na mbuzi wakalia zizini. Mtu wa Tunduma angedhani ni msafara wa malori ya Zambia, lakini kwetu hapakuwa na lori lolote usiku ule. Ilikuwa nchi yenyewe. Tetemeko lile lilitokea ng'ambo, karibu na mji wa Karonga katika Malawi, na ukubwa wake ulikuwa 5.8.

Tarehe 8 likaja jingine, la ukubwa wa 5.9. Tarehe 12 likaja la 5.4. Hilo lilikuwa dogo kuliko yaliyotangulia, na watu wakasema, "Haya, sasa linakufa." Kumbe sivyo. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 20, siku tano tu kabla ya Noeli, likaja la nne, la ukubwa wa 6.0, nalo lilikuwa kubwa kuliko yote. Huko Karonga watu kadhaa walikufa, wengi walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba yalibomoka au kupasuka. Kwetu hakufa mtu. Lakini ukuta wa chumba cha mama ulipata ufa kutoka pembe ya dirisha mpaka chini ya bati, nasi tukalala nje chini ya turubai, huku mvua za Desemba zikinyesha.

Siku zile maneno yalikuwa mengi. Wako waliosema ni laana. Wako waliosema waliobomokewa walikuwa na siri zao. Mama yangu alisikiliza yote hayo, kisha akasema, "Mimi nataka kujua kama litarudi." Hilo lilikuwa swali la mtu mwenye akili, na hapakuwa na mtu wa kulijibu.

TOFALI NA MPIRA WA BAISKELI

Baadaye nilikwenda chuo cha ualimu, na huko nilijifunza kwamba jambo kubwa laweza kuonyeshwa kwa kitu kidogo. Hata leo, ingawa kazi yangu ni vitabu vya parokia, vijana wakikusanyika uwanjani Jumamosi huwaonyesha jambo hili. Nawe waweza kulifanya nyumbani.

Chukua tofali moja. Lifunge kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Liweke juu ya ubao ulionyunyiziwa mchanga, kisha mwambie mtoto avute ule mpira polepole, bila kuuachia. Mpira utarefuka, na tofali halitakwenda. Atavuta tena, tofali litakaa kimya. Mara, pasipo kuambiwa, tofali litaruka upana wa kiganja, kisha litasimama. Mpira utalegea. Akiendelea kuvuta, mambo yale yale yataanza upya.

Mkono wa mtoto ni mwendo wa nchi, zile milimita chache za kila mwaka. Mpira ni miamba, maana mwamba nao hujipinda kidogo kabla ya kuvunjika, ingawa jicho halioni. Mchanga chini ya tofali ni msuguano katika ufa, mahali ambapo pande mbili za mwamba zimeng'ang'aniana. Na ule mruko wa ghafula ndio tetemeko. Nchi haikuanza safari siku ile. Ilikuwa safarini miaka mingi, na siku ile ililipa deni lake kwa mara moja.

Mtaalamu wa Marekani, Harry Fielding Reid, alilieleza jambo hili mwaka 1910, baada ya kuchunguza tetemeko la San Francisco la mwaka 1906. Na mwaka huo huo wa 1910, tarehe 13 Desemba, pande zetu za Rukwa zilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 7.4 hivi, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyojulikana Afrika ya Mashariki katika karne ile. Hesabu za vipimo hivi ni za kipekee: kila namba moja ikiongezeka, nguvu huongezeka karibu mara 32. Kwa hiyo tetemeko la Rukwa lilikuwa na nguvu zaidi ya mara 100 kuliko lile la Karonga lililotutoa vitandani. Tetemeko la ukubwa kati ya 5 na 6 wataalamu huliita la wastani. Neno hilo la "wastani" ni la vipimo tu. Halimtulizi mtu ambaye ukuta umemwangukia.

Tena angalieni jambo moja. Vijana wangu hurudia mchezo ule wa tofali mara nyingi, na kila mara hujaribu kutaja saa ya kuruka kwake. Hukosa. Mara huruka kidogo, mara huruka sana. Ndivyo ilivyo kwa nchi. Mtu akikuambia kwamba tetemeko litakuja Jumanne ijayo, usimwamini, hata akiwa na miwani na karatasi.

MASHAHIDI WATATU

Sasa turudi kwa lile swali: nani aliingia chini akaona? Hakuna. Lakini hakimu naye hakuwapo pale mbuzi alipoibwa, na bado aweza kutoa hukumu kwa kuwasikiliza mashahidi. Kwa habari ya Karonga mashahidi walikuwa watatu.

Shahidi wa kwanza ni mawimbi. Tetemeko likitokea, mtikisiko husafiri ndani ya dunia yote, na mashine za kupimia zilizo katika nchi nyingi huuandika. Katika mashine nyingine mstari huanza kwa kusukumwa, katika nyingine huanza kwa kuvutwa. Wataalamu wakipanga misukumo na mivuto hiyo juu ya ramani, hujua ufa umelala kuelekea wapi na upande gani umeteleza. Mawimbi ya Karonga yalisema hivi: nchi ilikuwa ikivutwa pande mbili, na upande mmoja wa ufa ukashuka.

Mawimbi hutoa pia ukubwa. Ukubwa hutokana na mambo matatu yaliyozidishwa: eneo la ufa lililoteleza, urefu wa mtelezo, na ugumu wa miamba. Hapa ndipo penye fumbo. Fikiri kipande cha ufa chenye urefu wa kilometa 10 na upana wa kilometa 8, kilichoteleza nusu meta. Hesabu itakupa tetemeko la ukubwa wa 6.0 hivi. Sasa fikiri kipande kingine cha kilometa 16 kwa 10, kilichoteleza robo meta tu. Zidisha: utapata ukubwa ule ule! Huu ni mfano wa darasani, si vipimo vya Karonga. Lakini waonyesha kwamba ukijua ukubwa peke yake, hujui bado kama ufa ulivunjika mahali padogo kwa nguvu au mahali papana kwa upole. Shahidi mmoja hatoshi.

Shahidi wa pili ni ardhi ya juu. Karibu na Karonga wataalamu walitembea kwa miguu wakaona mpasuko uliofika juu, ukipita katika mashamba na makazi, upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine kama kizingiti cha mlango. Ufa huo sasa huitwa Ufa wa St Mary. Waliufuata, wakaupima kwa tepu, wakauchora.

Shahidi wa tatu yuko angani. Ni setilaiti yenye rada. Mojawapo iliyofanya kazi wakati ule ilikuwa ya Wajapani, jina lake ALOS, iliyopaa mwaka 2006 na kuacha kazi mwaka 2011. Ilizunguka karibu kilometa 700 juu ya vichwa vyetu. Rada hutuma wimbi, wimbi hugonga ardhi na kurudi. Mawingu hayaizuii, wala giza, na hilo ni jambo kubwa katika mwezi wa Desemba.

Wimbi la ALOS lilikuwa na urefu wa karibu sentimita 24. Ukilinganisha picha ya kabla ya tetemeko na picha ya baadaye, utaona kama ardhi imesogea. Ardhi ikiwa imekwenda mbali na setilaiti kwa sentimita 12, wimbi huzidishiwa sentimita 12 za kwenda na 12 za kurudi, jumla 24, yaani wimbi moja zima. Kila wimbi moja zima huchorwa kama mzunguko mmoja wa rangi, mfano wa pete za mti uliokatwa. Basi ukihesabu pete nne kutoka mahali palipotulia mpaka mahali palipozama, wajua ardhi imesogea karibu sentimita 48. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la tano aiweza.

JINSI YA KUTENGENEZA KIELELEZO

Mpaka hapa twajua yaliyotokea juu. Lakini twataka yaliyotokea chini. Hapo ndipo wataalamu hutengeneza kile wanachokiita kielelezo, yaani mfano wa ufa uliofanywa kwa hesabu.

Nitakuonyesha kwa sinia. Mwambie mwenzako aweke kibao chembamba ndani ya sinia, akiegemeze mshazari, akifunike kwa mchanga mbichi, kisha akivute chini kidogo wewe ukiwa umefumba macho. Fumbua. Kibao hukioni. Lakini juu ya mchanga pametokea bonde dogo, upande mmoja wenye mteremko mkali, upande wa pili mteremko mpole. Kwa kuangalia umbo la bonde lile utaanza kukisia: kibao kimelala kuelekea huku, kiko karibu na juu, maana bonde ni jembamba. Kingekuwa kina kirefu, bonde lingekuwa pana na la kina kidogo.

Wataalamu hufanya vivyo hivyo, ila wao hutumia hesabu. Mjapani Yoshimitsu Okada alitoa mwaka 1985 kanuni zinazosema: ukinipa ufa wenye umbo la mstatili, ukaniambia urefu wake, upana wake, kina chake, mlalo wake na kiasi ulichoteleza, nitakuambia kila mahali juu ya ardhi pamesogea kiasi gani. Basi mtaalamu hukisia mstatili, hukokotoa, hulinganisha na picha ya setilaiti, huona palipokosana, hurekebisha, hukokotoa tena. Afanya kama fundi cherehani anayemvika mteja shati, akaona linabana kwapani, akalifumua, akamvika tena. Kompyuta huyafanya haya maelfu ya mara. Baadaye ule mstatili hugawanywa katika vipande vidogo vidogo kama vigae vya sakafu, ili kujua kigae kipi kiliteleza sana na kipi hakikuteleza.

Mwaka 2010 mtaalamu wa Uingereza, Juliet Biggs, pamoja na wenzake, walitoa habari ya kazi yao juu ya Karonga, wakiwa wameunganisha mawimbi na picha za rada. Wengine wakafuata. Mwanzo wa mwaka huo huo mashine za kupimia ziliwekwa Karonga ili kusikiliza matetemeko madogo yaliyoendelea, na kati ya miaka 2013 na 2015 nyingine nyingi ziliwekwa upande wa Malawi na upande wetu wa Tanzania, hata chini ya maji ya Ziwa Nyasa.

WALICHOKIONA

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo penye somo.

Ng'ambo ya ziwa, upande wetu wa Tanzania, iko Milima ya Livingstone, iliyosimama kama ukuta juu ya maji. Chini ya ukuta ule upo ufa mkubwa ulioifanya milima hiyo. Mtu yeyote aliyetaka kujua hatari iko wapi alielekeza kidole pale. Lakini matetemeko ya mwaka 2009 hayakutoka pale. Yalitoka upande wa pili, karibu na Karonga, katika nyufa ndogo zilizomo ndani ya mwamba unaoegemea ule ufa mkubwa. Nyufa zile zimelala kuelekea magharibi, nazo ziliteleza karibu na juu ya ardhi, katika zile kilometa chache za kwanza. Watu walikuwa wamejenga na kulima juu yake bila kujua.

Kielelezo hakikusema, "Ogopeni mlima." Kilisema kwamba katika nchi inayovutwa, pasipo na mlima napo paweza kupasuka.

Yafaa pia mjue mipaka ya kazi hii, maana mtaalamu wa kweli husema na asichoweza. Setilaiti ile ilirudi juu ya mahali pale pale kila baada ya siku 46. Matetemeko manne makubwa yalikuja ndani ya wiki mbili. Kwa hiyo picha ya baadaye ilikuwa na jumla ya yote. Ni kama mimi karani nikifungua sanduku la sadaka mara moja tu kwa mwezi: najua fedha zote ni ngapi, lakini siwezi kusema Jumapili ipi ilitoa kiasi gani. Lazima nitazame daftari la kila Jumapili. Daftari lao wataalamu ni mawimbi, yaliyoandikwa kila siku na kila saa. Setilaiti hutoa jumla, mawimbi hugawa. Ndiyo maana nimesema mashahidi watatu.

Na tetemeko likiwa kina kirefu, shahidi wa angani hana la kusema sana. Tarehe 10 Septemba 2016 ndugu zetu wa Kagera walipigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.9, karibu sawa na yale ya Karonga. Lakini lile lilitoka kina cha kilometa 40 hivi. Halikuacha mpasuko juu ya ardhi kama wa Karonga. Hata hivyo watu zaidi ya 15 walikufa, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba za matofali yasiyofungwa kwa nondo yaliharibika. Karonga ufa ulikuwa karibu, Kagera ulikuwa mbali chini. Lakini pote kilichoua ni kuta.

NYUMBA YA MAMA

Haya ninayoyaandika yalikuja kutugusa sisi wenyewe miaka miwili iliyopita. Nyumba ya mama, ile yenye ufa, ilikuwa imechoka. Tulikaa kikao cha familia: mama, kaka yangu mkubwa anayefanya biashara Tunduma, dada yetu, na mimi. Kaka ndiye aliyekuwa na fedha nyingi kuliko sisi, na haki ya kusema kwanza ilikuwa yake.

Fundi alikuwa ameleta hesabu mbili. Ya kwanza, nyumba ya vyumba vinne na sebule kubwa, kuta za tofali za kuchoma, bila mkanda wa zege. Ya pili, nyumba ya vyumba vitatu, lakini yenye lenta ya zege na nondo inayozunguka kuta zote juu ya milango na madirisha.

Kaka alisema, "Mdogo wangu, tetemeko lilikuwa la Karonga. Sisi tuko Ileje. Tangu nizaliwe sijaona nyumba ya huku ikianguka. Fedha ya nondo tuiongezee chumba, wajukuu wapate pa kulala."

Maneno yake yalikuwa na uzito. Chumba waweza kukiona, nondo ikifunikwa huioni tena. Nami nilimjibu kwa heshima: "Kaka, watu wa Karonga nao wangesema hivyo hivyo mwezi wa Novemba 2009. Ufa ule ulikuwa chini ya mashamba yao na hawakuujua. Siwezi kukuambia kwamba chini ya kiwanja chetu upo ufa, wala siwezi kukuambia kwamba haupo."

Tulizungumza mpaka jua likaelekea kuchwa. Mwishowe mama akasema, "Wanangu, mimi ndiye nitakayelala humo. Wajukuu nao wakija watalala humo. Afadhali wabanane chini ya kuta zilizoshikana." Kaka alicheka, akasema, "Haya mama, nyumba ni yako." Siku fundi alipokunja nondo za pembeni, kaka ndiye aliyesimama juu ya jukwaa akihakikisha kwamba pembe zimefungwa vizuri.

LINALOTUPASA

Najua si kila familia yaweza kununua saruji na nondo. Basi sikilizeni yale ambayo hata mwenye fedha kidogo aweza kuyafanya.

Usijenge ukuta mrefu usio na ukuta wa kuukata katikati wala nguzo ya kuuegemea. Madirisha yawe madogo, yakae mbali na pembe za nyumba, maana ufa hupenda kuanzia pembeni. Paa liwe jepesi, na kenchi zifungwe kwenye ukuta, zisiwekwe tu juu yake. Kama zege haipatikani, mkanda wa miti iliyonyooka, unaozunguka kuta zote na kufungwa imara katika pembe, ni bora kuliko kutokuwa na mkanda wowote. Na ule ukuta wa pembetatu ulio juu chini ya paa, usiujenge kwa tofali nzito ukiwa unaweza kuuziba kwa mbao au bati. Huo ndio huanguka mapema, tena juu ya kitanda.

Nchi ikianza kutikisika nawe uko ndani, ondoka karibu na ukuta na dirisha. Ukiwa na meza imara, ingia chini yake, funika kichwa chako. Ukiwa nje, kaa nje, mbali na kuta na miti mikubwa.

Na mtikisiko ukiisha, usikimbilie kurudi ndani ya nyumba iliyopasuka. Hilo ndilo jibu la swali la mama yangu la mwaka 2009. Watu husema lile la kwanza ndilo kubwa, na yanayofuata ni mabaki yake. Mara nyingi ni kweli. Lakini Karonga kubwa kabisa lilikuja la mwisho, baada ya wiki mbili, usiku, watu wakiwa wameanza kuzoea. Tofali halimwambii mtu kama limemaliza kuruka. Nyumba yenye ufa mpya itazamwe kwanza na fundi, nao watoto na wazee walale pengine, hata kwa jirani, hata chini ya turubai. Mwandike pia siku na saa, na vitu vilivyoanguka, mkaipeleke habari kwa mwenyekiti wa kijiji. Maneno mafupi ya shamba moja yaweza kumsaidia mtaalamu aliye mbali ajue ni wapi palitikiswa sana.

Tena, msimseme vibaya aliyebomokewa. Tetemeko lile lile lilipita chini ya nyumba ya mwema na ya mbaya. Iliyosimama ilisimama kwa sababu kuta zake zilishikana.

Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni neno zuri kwa ufa wa nyumba. Ufa wa nchi hauzibiki kwa udongo wala kwa saruji. Ulikuwapo kabla yetu, nao utaendelea kuachana milimita kwa milimita tukiwa tumelala. Kwa hiyo huu wa kwetu hauna dawa ila moja: tujenge ukuta mzuri mapema. Msimu huu wa kiangazi, wakati matofali yanapochomwa na mafundi wanapoitwa, kaeni kikao, baba, mama na watoto, mkaulizane juu ya lenta kabla hamjaulizana juu ya sebule.